Nyumba ya Sinza yenye banda la uani: tununue au tuache?

Swali: Sisi ni mke na mume, wote waajiriwa, tuna watoto wawili na tumepanga Mbezi, Dar es Salaam, kwa 350,000 kwa mwezi. Tumeweka akiba ya milioni 60. Tumeonyeshwa nyumba Sinza, imejengwa miaka ya themanini, vyumba vitatu na sebule, na uani kuna banda la milango mitatu lenye wapangaji. Bei ni milioni 150. Mzee mwenye nyumba alifariki, wanaouza ni watoto wake. Hati ipo, ni ya mwaka 1987. Benki iko tayari kutukopesha milioni 90 kwa miaka 15, riba asilimia 16. Dalali anasema banda linaingiza 650,000 kwa mwezi, kwa hiyo nusu ya marejesho italipwa na wapangaji, na anataka advansi ya milioni 5 kabla ya Ijumaa. Ndugu zetu wanasema tuachane nayo, tununue kiwanja Goba tujenge taratibu. Utushauri.

Jibu: Dada, umenipa namba, basi nikujibu bila kuzunguka. Kwa masharti mliyopewa leo, msinunue. Kwa masharti mengine, nyumba hiyohiyo ningewaambia mkaichukue, na sehemu kubwa ya jibu hili ni kueleza hayo masharti mengine ni yapi.

Naanza na kodi ya banda, maana ndiyo iliyowavuta. Dalali hakudanganya akisema milango mitatu inaweza kuleta 650,000. Alichofanya ni kuchukua mwezi mzuri akauzidisha kwa kumi na mbili, akapata milioni 7.8 kwa mwaka. Mwenye banda hapati hizo. Mpangaji akihama, chumba kinakaa mwezi au zaidi kabla ya kupata mwingine, na katikati hapo unapaka rangi na kubadilisha kitasa. Tuseme kwa mwaka, ukijumlisha milango yote mitatu, mnapoteza miezi minne ya kodi. Hiyo ni kama 870,000. Kinachobaki kinakatwa kodi ya mapato ya pango, asilimia 10, inayokwenda TRA, kwa hiyo karibu laki saba nyingine. Kisha matengenezo: banda la zamani lenye choo kinachotumiwa na kaya tatu sikuwekei chini ya milioni moja na nusu kwa mwaka, na mwaka wa bati kuvuja itazidi. Mkishatoa yote hayo mnabaki na milioni 4.7 hivi, yaani kama 395,000 kwa mwezi.

Sasa mkopo. Milioni 90 kwa asilimia 16 kwa miaka 15 ni marejesho ya takriban 1,320,000 kila mwezi, na mpaka mnamaliza mtakuwa mmelipa karibu milioni 238. Banda basi halilipi nusu. Linalipa chini kidogo ya theluthi. Mkiweka na ile 350,000 mnayolipa Mbezi sasa, ambayo hamtailipa tena, bado kuna 575,000 za kutoka mifukoni kila mwezi. Na banda likikaa tupu lote, inakuwa 970,000. Hukuniambia mishahara yenu, kwa hiyo jiulizeni nyie wenyewe: je, mnaweza kutoa 970,000 juu ya matumizi ya sasa kwa mwaka mzima, ada za watoto zikiwemo, bila kukopa kwa mtu? Kama jibu ni hapana, hiyo nyumba ni kubwa kuliko mfuko wenu hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Kipimo changu ndicho hicho, na huwa sikilegezi: nyumba yenye banda inunuliwe kwa hesabu ya mtu asiye na banda. Kodi ikija, iwe ya kupunguza mkopo haraka au ya kubadilisha paa.

Kuna jambo jingine kwenye namba zenu ambalo nadhani limewapita. Milioni 60 na milioni 90 ni 150 kamili. Hakuna hata shilingi ya wakili. Ushuru wa stempu peke yake ni asilimia 1 ya thamani, yaani milioni moja na nusu. Kuna ada ya usajili, kuna mthamini, kuna ada za benki yenyewe, kuna gari la kuhamisha vyombo. Halafu mnaingia kwenye nyumba ya miaka arobaini mkiwa hamna akiba ya kuita hata fundi bomba. Kwa nyumba mpya ningesema mtajikaza. Kwa nyumba ya zamani, mwaka wa kwanza ndio unaokula pesa, kwa sababu kila kasoro aliyoizoea mzee wa watu nyie mtaiona ni tatizo.

Tuje kwenye karatasi, na hapa naomba mnivumilie maana nitakaa kidogo.

Umesema hati ipo, ya mwaka 1987. Sinza ni eneo lililopimwa. Lilianzishwa miaka ya sabini kwenye mpango wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Hilo ni jambo zuri, kwa sababu kiwanja kina namba, kitalu na ramani, hamnunui kwa kuonyeshwa mnazi na mnyaa. Lakini fungueni hiyo hati msome mstari wa muda. Kwetu Tanzania ardhi haimilikiwi milele. Unapewa haki ya kuitumia kwa kipindi, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Hati nyingi za mijini za enzi hizo zilikuwa za miaka 33. Chukua 1987 ongeza 33, unapata 2020. Yaani inawezekana kabisa mnachoonyeshwa ni hati iliyokwisha muda wake. Haina maana kwamba serikali itakuja kuichukua nyumba kesho. Mwenye hati ndiye wa kwanza kufikiriwa akiomba kuongezewa muda. Lakini maombi hayo yana ada, yana kusubiri, na yanataka kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa mpaka mwaka huu. Kazi hiyo ni ya wauzaji na gharama ni yao, kabla hamjatoa pesa. Benki nayo haitakubali kushika kama dhamana hati ambayo muda wake umepita au unaisha kabla ya mkopo. Na hakikisheni ni hati kweli. Watu wengi mjini huita hati kila karatasi yenye mhuri wa Wizara ya Ardhi, kumbe mkononi wana ofa tu, yaani barua ya kupewa kiwanja, au leseni ya makazi, ambayo ni kitu kingine kabisa na nguvu yake ni ndogo.

Kisha fanyeni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Msiridhike na nakala mliyotumiwa kwenye simu. Upekuzi utawaambia jina gani limesajiliwa, kama kuna rehani ambayo mzee aliiacha benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Mnapewa majibu kwa maandishi, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na milioni 150.

Jina litakalotoka huko, bila shaka, ni la marehemu. Na marehemu hauzi nyumba. Watoto nao hawauzi, hata wakiwa saba na wote wamekubaliana, mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na huyo msimamizi ajisajili kwa Msajili kwa cheo hicho. Ndipo yeye anasaini kuwauzia. Mtaonyeshwa muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi za wajomba na mhuri wa serikali ya mtaa. Muhtasari huo ni hatua ya kwenda mahakamani; peke yake hauhamishi hata tofali. Ombeni barua ya usimamizi halisi, chukueni namba ya shauri, mwende kwenye mahakama hiyohiyo mkaulize kama uteuzi bado unasimama na kama kuna aliyeweka pingamizi. Karani atawaonyesha jalada.

Nimeona mauzo mengi ya nyumba za mirathi yakikwama, na karibu kila mara tatizo halikuwa kati ya wale watoto waliokaa sebuleni kupokea wageni. Lilikuwa ni yule ambaye hakuwepo: mtoto wa nje anayeishi Tabora, dada aliyeolewa Mombasa, mjane wa pili ambaye hakuna anayemtaja. Kwa hiyo ulizeni waziwazi, na muulize pia majirani wazee na mjumbe wa shina, maana wao wanajua marehemu alikuwa na wake wangapi. Kama mama wa nyumba yuko hai, mtafuteni muongee naye ana kwa ana. Anaweza kuwa na haki yake mwenyewe kwenye hiyo nyumba, mbali na fungu la mirathi, kwa jasho alilochangia kuijenga. Msimamizi kisheria ana uwezo wa kuuza, lakini mimi ningetaka kila mrithi mtu mzima asaini ridhaa mbele ya wakili wenu. Ninasema wakili wenu. Dalali atawaletea wakili wake "wa kuwasaidia pande zote mbili", mshukuruni na mmkatae. Na kama kati ya warithi yumo mtoto mdogo, mwambieni wakili mapema.

Hii ndiyo sababu ya kutotoa milioni 5 Ijumaa. Mtamlipa nani? Kama msimamizi hajateuliwa, hakuna mtu mwenye uwezo wa kupokea advansi ya nyumba hiyo, na stakabadhi atakayoandika kaka mkubwa haimfungi dada yake. Mkimwambia dalali kwamba mko tayari kuweka pesa siku msimamizi atakaposaini mkataba, pesa ikipita benki kwenda akaunti ya mirathi, na yeye akawaambia kuna mteja mwingine kutoka Oman anayekuja na taslimu, mtakieni kheri huyo mteja.

Kuna kodi pia. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji, na TRA isipotoa cheti chake uhamisho hausajiliwi. Warithi wengi huigundua dakika za mwisho, na hapo huja na pendekezo: mkataba uandike milioni 80, nyingine mpeane pembeni. Kataeni. Benki inakopesha kwa bei ya mkataba na tathmini, hivyo mtajikata wenyewe. Na siku nyie mkiuza, vitabu vitaonyesha mlinunua kwa milioni 80, faida yenu itakuwa kubwa ya kubuni na kodi yake mtalipa nyie. Zaidi ya hapo, mkigombana mahakamani, mtadai milioni 80.

Nyumba itakapohamishwa, andikeni majina yenu mawili kwenye hati. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini majina mawili yanafuta mjadala wote.

Sasa banda lenyewe. Mabanda mengi ya uani yalijengwa baadaye, mzee alipostaafu au alipopata pesa ya mkonge au ya safari, na mara nyingi hayamo kwenye ramani iliyoidhinishwa. Ulizeni kibali chake cha ujenzi Manispaa ya Ubungo. Kisha mlipeni mpima ardhi aliyesajiliwa atafute bikoni, yale mawe ya mipaka. Kawaida ukuta wa nyuma wa banda ndio uzio, na uzio mara nyingi umekaa pale ambapo jirani wa mwaka 1990 alikubali kwa mdomo. Jirani amekufa, mwanawe anataka kujenga ghorofa, na nusu mita ya choo chenu iko kwake. Mthamini wa benki akiwa makini anaweza asiweke thamani yoyote kwenye jengo lisilo na kibali, na hapo mkopo wa milioni 90 unashuka wakati nyie mmeshaahidi bei. Kwa hiyo tathmini ya benki itangulie, mkataba ufuate.

Kama nyumba iko ndani mitaani, suala la hifadhi ya barabara huenda lisiwaguse. Kama iko kando ya Shekilango au Sam Nujoma, ulizeni TARURA na TANROADS kwa maandishi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na waliobomolewa kando ya Barabara ya Morogoro huko Kimara mwaka 2017 wapo wengi waliokuwa wamekaa pale miaka na miaka. Vivyo hivyo kwa mto: Sinza ina sehemu zinazoteremkia kwenye mikondo ya maji inayokwenda Mto Ng'ombe, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Tazameni ukuta wa jirani kama una mstari wa tope. Nendeni siku ya mvua. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, saa moja ya mvua inaeleza mtaa kuliko wiki ya maneno ya dalali.

Wapangaji ni watu wa kuongea nao kabla ya kununua, na nendeni jioni wakiwa wamerudi kazini. Mnanunua nyumba pamoja na mikataba yao. Aliyelipa kodi mpaka Desemba atakaa mpaka Desemba, na pesa yake ameshaila mrithi. Hapa ndipo penye mchezo ambao sijui kama ni wa makusudi au ni njaa tu: familia ikijua inauza, inakusanya kodi ya mwaka mzima mbele, kisha inauza "banda lenye wapangaji". Mnakuta mnamiliki banda ambalo halitawapa hata senti kwa miezi kumi. Kwa hiyo kwa kila mlango pateni karatasi fupi iliyosainiwa na mpangaji na msimamizi: analipa kiasi gani, amelipa mpaka tarehe gani, ameweka amana kiasi gani, nani anamdai na yeye anamdai nani. Kodi iliyolipwa mbele kwa kipindi kitakachokuwa chenu ikatwe kwenye bei. Hiyo 650,000 pia mtaihakiki hapo. Nisingeshangaa mlango mmoja ukiwa anakaa binamu ambaye halipi kitu.

Wapangaji hao pia watawaambia mambo ya nyumba ambayo mwenye nyumba hawezi kusema. Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Shimo la choo linanyonywa mara ngapi kwa mwaka. Hilo la shimo lisikilizeni sana. Shimo lililochimbwa kwa familia ya watu sita sasa linabeba watu kumi na tano, na sehemu za Dar es Salaam zenye maji ya chini yaliyo karibu, shimo halinyonyi. Linajaa kila mvua. Kama gari la maji taka linaitwa kila baada ya miezi miwili, andikeni hiyo kwenye hesabu ya matengenezo na ile 395,000 ishuke tena. Ulizeni kama bomba la maji taka la DAWASA linapita mtaani na kama inawezekana kuungwa. Ombeni pia bili za maji za nyuma. Deni la maji linabaki na nyumba.

Umeme: nyumba za aina hii mara nyingi zina mita moja ya LUKU na waya umevutwa kutoka nyumba kubwa kwenda bandani. Kwanza ni hatari, mwiteni fundi umeme mwenye leseni aangalie ethi na sakiti breka. Pili ni ghali. Mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti, lakini mita inayobeba kaya nne haiwezi kubaki huko. Inahamishiwa kundi ambalo uniti ni zaidi ya 350 ukijumlisha kodi na tozo. Na ugomvi wa nani ametumia pasi na nani ana friji ni wa kila wiki. Kila mlango uwe na mita yake ya TANESCO, au angalau mita ndogo. Kodi ya jengo nayo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni ndogo, ila angalieni kama kuna malimbikizo.

Kwa jengo lenyewe sitawachosha. Ingieni darini na tochi, au mpeni fundi seremala, mtazame kenchi kama zimeliwa na mchwa. Bati za zamani zile za kijivu, nzito, zinazofanana na saruji, huenda zina asbesto. Hazikatwi kwa msumeno wala kuvunjwa ovyo, na kuzitoa kuna utaratibu na gharama yake. Ukuta unaomenyeka chini na kutoa unga mweupe una chumvi na unyevu, na kupaka rangi upya kunaficha kwa msimu mmoja tu, kwa hiyo nyumba iliyopakwa rangi mwezi uliopita iangalieni mara mbili. Ufa mwembamba kwenye plasta hautishi. Unaotisha ni ule unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, hasa kama mlango wa karibu yake haufungi vizuri; huo unasema msingi umecheza. Mlipeni mhandisi majengo aje nusu siku, aandike makadirio ya kurekebisha. Makadirio hayo ndiyo silaha yenu ya bei, kuliko kusema tu "punguzeni kidogo".

Kuhusu Goba, ndugu zenu hawajakosea, ila wanasimulia nusu. Kujenga taratibu hakuna riba, na hilo ni kubwa mno ukitazama ile milioni 238. Lakini wakati mnajenga mnaendelea kulipa kodi Mbezi, saruji na nondo zinapanda, na mapagale mnayoyaona njiani kila moja lilianza na mtu aliyesema miaka miwili. Viwanja vingi vya kule pia havijapimwa. Unapewa karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mtaa, na migogoro yake sio midogo kuliko ya mirathi. Kama Sinza itashindikana, ningewashauri msikimbilie popote. Hatifungani za muda mrefu za serikali zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na milioni 60 iliyokaa huko wakati mnatafuta inaleta zaidi ya banda, bila choo kuziba.

Sinza ina faida ambazo hazimo kwenye jedwali: ukaribu na kazi, shule, hospitali, na kiwanja kilichopimwa katikati ya mji ambacho thamani yake haitegemei hali ya ukuta. Kwa sababu hiyo sijawaambia mwachane nayo kabisa.

Jambo la kukubaliana nyie wawili, kabla ya kurudi kwa dalali, ni kama mnataka kweli kuishi na watu uani. Mwenye nyumba anayekaa mbali anapigiwa simu. Anayekaa kiwanja kimoja anagongewa mlango saa nne usiku kwa sababu maji yamekatika. Geti ni moja, kamba ya nguo ni moja, watoto wenu watacheza na watoto wao, na kudai kodi kwa mtu aliyewaletea uji mlipougua si kazi rahisi kama inavyosikika. Wapo wanaoimudu vizuri kwa kuandika masharti mapema na kumwachia mtu mmoja, mke au mume, mambo yote ya wapangaji. Wapo waliobomoa ukuta wa banda wakapitisha mlango wa pili kuelekea barabara ya nyuma. Kama kiwanja kinaruhusu, hilo la mlango wa pili linafaa gharama yake.

Mkishakubaliana, hili ndilo ningewapelekea wauzaji, kwa maandishi. Bei ya milioni 130, ikishuka zaidi kulingana na makadirio ya mhandisi, ili mchangie milioni 40 zenu na kubaki na 20 za ada na matengenezo. Msimamizi wa mirathi awe ameteuliwa na kusajiliwa. Hati iwe imehuishwa. Madeni ya maji, umeme na ardhi yawe sifuri. Tathmini ya benki isiwe chini ya bei. Mkataba uandikwe na wakili wenu, na malipo yagawanywe: sehemu siku ya kusaini, sehemu kubwa benki itoe, uhamisho ukishasajiliwa, na kiasi kibaki kwa wakili mpaka aliyemo kwenye nyumba kubwa ametoka na mmekabidhiwa funguo. Hilo la mwisho likazieni, kwa sababu mrithi anayeishi ndani ya nyumba huwa mwepesi wa kusaini na mzito wa kuhama. Wakisema hati na mirathi vitachukua muda, waambieni mtasubiri, na wapeni tarehe ya mwisho ambayo baada yake mko huru kutafuta nyingine. Wakiikataa bei hata baada ya kuona makadirio, ongezeni kile tu ambacho mnaweza kukitoa huku mkibaki na hizo milioni 20, na kama hakitoshi, ondokeni.